Mzee Chaman na Sakafu ya Nyumba Namba Kumi na Nne

Na Mardhiya Hamad, ofisi ya michoro

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, Mzee Chaman Lal Vohra anastaafu. Amefanya kazi katika idara ya uinjinia ya council yetu, yaani halmashauri yetu hapa London, kwa miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku ishirini na nne. Hizo siku ishirini na nne msizidharau. Amezihesabu mwenyewe kwa penseli, pembeni ya mchoro wa barabara, na mtu akiufungua mchoro ule miaka hamsini ijayo ataikuta hesabu palepale.

Ghorofani, saa nane mchana, wakubwa watasema yao kwa Kiingereza na watamkabidhi saa ya ukutani. Karatasi hii ni ya kantini ya depo, ya sisi tunaoelewana kwa Kiswahili: Wazanzibari, Wakenya, Wahindi wa Kampala na Kisumu, na yule Mkongo wa taa za barabarani anayeongea kutushinda sote. Mzee ametuomba tusimsifu sana. Tumemsikia, na hatutamtii.

Kwanza kazi yenyewe, maana hata watu wa nyumbani kwetu hawajui tunafanya nini. Injinia wa council si yule anayejenga daraja likapigwa picha. Ni yule anayeamua barabara iinamie upande gani ili mvua isisimame mlangoni kwa mtu. Anaamua taa ikae wapi ili nesi anayetoka zamu aone anapokanyaga, ukingo wa barabara ushushwe wapi ili kiti cha magurudumu kipite, na wewe ukivuta maji chooni yaende wapi. Akipatia, hakuna anayemjua jina. Akikosea, simu inalia mpaka inachoka. Mzee Chaman husema siku ambayo simu haikulia ndiyo barua yake ya shukrani, na kwamba anazo nyingi, basi tu hazina karatasi.

Alizaliwa Kisumu mwaka 1934. Michoro alijifunza kazini na kwa masomo ya posta, akafanya kazi ya mitaro Nakuru miaka tisa, akapanda mpaka akawa msaidizi wa injinia wa mji. Februari 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza walipokuwa wakikimbilia ndege kabla Uingereza haijafunga mlango mwezi wa tatu, yeye na mkewe, Mama Kailash, walipata viti viwili vilivyoachana safu kumi na moja. Mama Kailash alikuwa mbele. Mpaka leo anasema yeye ndiye aliyetangulia kufika London na mume alimfuata.

Walipanga chumba Hounslow, ndege zikipita juu ya paa kutwa. Tarehe 6 Mei akaanza kazi kwetu, lakini si kama msaidizi wa injinia. Karatasi za Kenya, wakamwambia, hazijulikani hapa. Mtu aliyeongoza mafundi arobaini Nakuru akapewa kiti cha mnakili, akanakili mistari ya wengine kwa wino, miaka minne. Na mistari yake ilikuwa safi mno, yaani safi kiasi kwamba wenzake walianza kuficha ya kwao.

Mwaka 1972 akapewa mchoro wake wa kwanza. Hapa sasa kuna jambo ambalo kwenye sherehe za kustaafu watu hulifunika kwa kitambaa cha meza. Mzee amekubali lisemwe. Tena amesema lisiposemwa, keki yenu kuleni wenyewe.

Pinnock Row ni mtaa mfupi wenye nyumba ndefu za zamani, na chini ya kila nyumba kuna besimenti wanamokaa watu. Maji ya mvua yalikuwa yakituama barabarani. Kazi aliyopewa Mzee ilikuwa ndogo: toboa matundu sita pembeni mwa barabara, yaunganishe na bomba lililo karibu, maji yaende zake. Akafungua ramani ya zamani, akaona bomba moja tu limepita chini ya mtaa. Akafurahi. Nakuru alikotoka, maji ya mvua yana mtaro wake na maji ya choo yana bomba lake, na fundi akiyachanganya hakai kazini. Kwa hiyo akili ikamwambia: bomba hili la chini ya barabara ni la mvua, la choo litakuwa nyuma ya nyumba. Akachora. Mchoro ukapigwa mhuri, matundu yakachimbwa.

Lakini sehemu hizi za zamani za London kila kitu kinapita bomba moja. Mvua, choo, sinki la jikoni, vyote humohumo, tangu enzi za babu zao. Mafundi waliochimba walijua. Wakubwa waliopiga mhuri walijua. Hakuna aliyemwambia, kwa sababu hakuna aliyefikiri kuna mtu duniani asiyejua. Naye hakuuliza, kwa sababu alikuwa amengoja miaka minne kuitwa injinia, na hakutaka kuonekana mshamba siku ya kwanza.

Mvua kubwa ikaja Novemba, asubuhi. Matundu sita yakalishindilia lile bomba maji kuliko lilivyoweza kubeba. Maji yakatafuta pa kutokea, yakatokea mahali pa chini kuliko pote: chooni, besimenti ya namba kumi na nne.

Besimenti hiyo ilikuwa ya Champaben. Wengi wenu mnamjua, ndiye anayetuletea vile vitafunwa vya chevdo kila Diwali. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini na nne, mjane, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Jinja, mmoja wa wale waliopewa siku tisini kuondoka Uganda. Alikuwa na siku kumi na mbili tu ndani ya nyumba ile, yeye na binti yake Bharti wa miaka minne. Walikuwa na magodoro mawili ya msaada na sanduku moja sakafuni. Ndani ya sanduku kulikuwa na vyeti vyake vya ualimu. Maji ya choo yakavilowesha, wino ukatoka wote, na Uganda ya wakati ule nani angemwandikia nakala. Hakufundisha tena. Alipika kwenye jiko la shule miaka kumi na tisa, mita chache kutoka madarasani.

Vuai Makame, fomani wetu, siku hizo alikuwa mpya kwenye lori la kunyonya maji taka, na ndiye shahidi. Anasema walikuwa wanashusha mpira wa kunyonyea alipomwona Mhindi mwembamba mwenye tai akiteremka ngazi, ramani ameificha ndani ya koti isilowe. Champaben alikuwa amempandisha mtoto juu ya meza. Mzee ni Mpunjabi, Kigujarati chake ni cha kuombea chumvi tu, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili.

"Dada, mimi ndiye niliyechora."

Champaben akamtazama, akaitazama tai, akampa ndoo.

"Basi anza kule chooni."

Alichota mpaka saa kumi. Kabla hajaondoka alimwambia kwamba hataacha kazi ya council mpaka aione sakafu ile kavu siku ya mvua kubwa. Champaben akamjibu kwamba ahadi za namna hiyo ameshapewa na serikali mbili, hii ataiandika ya tatu.

Ofisini, mkuu wake wa wakati ule alimshauri aandike kwamba mvua haikuwa ya kawaida. Mzee aliandika hivi, na nakala ipo kwenye faili: mvua ilikuwa ya kawaida, mchoro ulikuwa na kosa, mchoro ni wangu. Matundu sita yakazibwa wiki ileile. Naye akashushwa depo kuzibua mitaro, miaka mitatu.

Depo ilimpokea kama depo inavyopokea watu. "Leo wametuletea injinia," Vuai akawaambia wenzake mbele yake. "Kesho watatuletea rubani." Wakampa ufagio mrefu kuliko yeye. Mzee hakununa. Akaanza kuuliza maswali, na hajaacha mpaka wiki hii. Kila chemba, yaani shimo la mtaro lenye mfuniko, iliyofunguliwa aliuliza: maji haya yanatoka wapi, yanaenda wapi, nani kakwambia, uliyaona mwenyewe? Wiki ya pili Vuai akachoka.

"Bwana Chaman, haya ni mavi. Hayana ukoo."

"Yana ukoo, Vuai. Na mimi nitayafuata mpaka kwao."

Hapo ndipo ulipozaliwa ule mtindo ambao kila aliyepita idara hii ameupitia, apende asipende. Kabla hujachora mstari wowote, unachukua unga wa rangi ya kijani, kijiko kimoja, unaumwaga kwenye chemba ya juu. Halafu unakimbia mwenyewe mpaka chemba ya chini, unafungua mfuniko, unapiga magoti, unatazama. Humtumi mtu. Husemi ramani inaonyesha. Rangi ikija, chora. Rangi isipokuja, hujui kitu, na ni afadhali kujua kwamba hujui. Ofisini walimcheka. Wataalamu wenye digrii walimwita mpishi wa supu ya kijani. Lakini kila mwaka rangi iliwaonyesha bomba ambalo ramani iliapa kwamba halipo, na kicheko kikawa kinapungua kidogokidogo kama maji kwenye sinki lenye nywele.

Mwaka 1981 ndio mwaka wa bata. Njenga, ambaye Jumatatu ijayo anachukua kiti cha Mzee, alikuwa na wiki moja kazini, ametoka Murang'a, ana bidii ya kutisha. Aliambiwa kijiko. Akamwaga mkebe mzima kwenye chemba ya jengo jipya la ghorofa tisa. Chemba ya chini haikuonyesha kitu. Wakangoja, hakuna. Saa moja baadaye simu kutoka bustani ya mji: bwawa lote limekuwa kijani, na bata nao. Bibi mmoja alikuwa ameuliza kama ni sikukuu ya Waairishi, ile wanayovaa kijani.

"Njenga, nilisema kijiko."

"Mzee, nilitaka kuwa na hakika."

"Vizuri. Sasa mji mzima una hakika."

Tukacheka, lakini bata wale walitueleza kitu: mashine za kufulia za ghorofa tisa zilikuwa zikimwaga mapovu yake bwawani tangu jengo lifunguliwe, na hakuna aliyekuwa anajua kwa nini samaki wanakufa. Lilirekebishwa ndani ya mwezi. Samaki wamerudi. Bata walibaki na rangi yao siku tatu, wakiwa na fahari kweli.

Mwaka 1975 Mzee alirudishwa ofisini, na 1984 akawa injinia mkuu wa mitaro. Orodha ya aliyoyafanya ni ndefu, na mengine mnayakanyaga kila siku. Mteremko wa barabara ya soko, uliomaliza barafu ya Januari pale kwenye kituo cha basi, ni wake. Kingo mia mbili na kumi zilizoshushwa kwa ajili ya viti vya magurudumu na vigari vya watoto, nyingi kabla sheria haijalazimisha, ni zake. Ramani ya Kijani, yenye chemba elfu moja mia moja sitini na tatu, kila moja imeonwa kwa macho na kuwekwa jina la aliyeiona na tarehe, ni yake na ya kila mtu aliyewahi kupiga magoti hapa. Wenzetu wa halmashauri za jirani huja kuiomba. Huwapa, na huwaambia wakapige magoti kwao pia.

Lakini muulizeni Mzee mwenyewe amefanya nini miaka yote hii, atawaambia Pinnock Row.

Kuziba yale matundu sita kulisaidia. Hakukumaliza. Bomba lenyewe lilikuwa dogo tangu mwanzo, na mji unaongezeka, bustani za mbele zinamwagiwa zege, maji hayana pa kuzama. Mafuriko yakarudi 1977. Yakarudi 1983, 1987. Kila mara Mzee alifika na pampu kabla Champaben hajapiga simu. Council ilimtafutia Champaben nyumba nyingine mara mbili, akakataa. Alisema amehamishwa na dikteta, hatahamishwa na choo.

Mzee aliandika pendekezo: tuweke bomba kubwa la akiba chini ya uwanja wa watoto mwisho wa mtaa. Mvua ikizidi, maji yakae humo yasubiri, yakishatulia yaachiwe polepole. Ni kitu rahisi. Ni kuyaambia maji, kaeni hapa kidogo, zamu yenu inakuja. Aliandika mara kumi na moja. Mara kumi na moja jibu lilirudi kwamba besimenti sita zinazofurika si kipaumbele. Aliyaweka majibu yote kwenye faili moja, kwa mpangilio wa tarehe, na kila likija jipya alilisoma lote mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesoma salamu kutoka kwao.

Mwaka 1993 maji yalipanda tena, na safari hii Bharti alikuwa na miaka ishirini na mitano na kamera ya video. Mnamjua Bharti. Kiswahili cha mama yake anakielewa chote na anakijibu kwa Kiingereza chote. Alisimama kwenye ngazi akapiga picha maji yakipanda kutoka chooni mpaka kwenye droo ya pili ya kabati. Akaupeleka mkanda kwenye kikao cha madiwani, akauweka, ukacheza dakika kumi na mbili. Dakika ya saba diwani mmoja aliomba uzimwe, mwenyekiti akasema hapana, tuone. Baada ya hapo zilipita bajeti tatu, michoro minne, na mabishano na watu wa gesi ambayo hatutayaeleza hapa kwa heshima ya chakula. Mwishowe, Aprili mwaka huu, bomba la akiba lilikamilika: upana mita mbili na kidogo, urefu mita sitini, lita laki mbili na ushee. Kabla ya kuchora mstari wa mwisho Mzee alimwaga rangi chemba zote za mtaa ule. Mara mbili mbili.

Basi kikabaki kitu kimoja. Mvua.

Na mvua ikagoma. Mnakumbuka mwaka huu. Aprili manyunyu tu. Mei jua. Juni watu wanaota jua bustanini kama nguo zilizoanikwa, London nzima inashangilia, na Mzee Chaman anatembea na mwavuli uliofungwa, anatazama juu kama mtu aliyedhulumiwa. Wakandarasi walijaribu bomba kwa maji ya mpira wa zimamoto wakasema liko sawa. Akasema mpira si mvua, mpira unatoka mahali pamoja. Na siku zinakwisha. Council ukitimiza miaka sitini na mitano unaondoka, hakuna kuongezewa. Aliomba miezi mitatu, barua ikarudi kwa adabu, hapana. Angeondoka bila kujua kama ile ahadi ya 1972 ameitimiza au amemwachia Champaben serikali ya tatu.

Depo nzima ikawa inaugua naye. Vuai alimwuliza kama wasimame kiwanjani wasali sala ya kuomba mvua. Mzee akasema ukiomba mvua hadharani London mwezi wa sita watakupiga. Njenga alipeleka ombi kanisani kwao Tottenham. Mchungaji alisoma orodha: wagonjwa, wenye shida ya viza, wanaotafuta kazi, na ndugu Njenga anaomba mvua kubwa. Waumini wakageuka wakamtazama. Wiki hiyo kulikuwa na harusi mbili za bustanini.

Ikaja tarehe 7 Julai, Jumatano. Mzee alikuwa ghorofani ofisi ya wafanyakazi anatia sahihi fomu za pensheni. Saa nane kasorobo kukawa giza. Tone la kwanza likapiga dirisha, la pili, halafu ikamwagika yote kwa pamoja, mvua ya kwetu kabisa, ile isiyobisha hodi. Dada wa fomu anasema aliinua macho akaona kalamu bado inazunguka mezani na kiti kitupu.

Njenga aliendesha van. Barabara ya soko imejaa magari, hayasogei. Mzee akafungua mlango akashuka. Miaka sitini na minne na miezi kumi na moja, anakimbia katikati ya mvua, koti linapepea nyuma, na wauza matunda wanampisha wakidhani kuna mwizi mbele yake. Vuai alikuwa ameshatangulia, amefungua chemba ya bomba la akiba na amewasha tochi. Mzee alifika anahema. Vuai akampa jibu bila kuulizwa.

"Yanaingia, Bwana Chaman. Yamefika goti. Yanaingia kwa adabu."

Mzee akapiga magoti kwenye lami, akatazama mwenyewe. Yakafika kiuno. Yakafika kifua. Yakasimama hapo, na bomba lilikuwa bado lina nafasi ya kichwa kizima. Akainuka, akaenda namba kumi na nne. Njenga alikuwa ameacha van popote pale na amemfikia, na yanayofuata tumeyapata kwake.

Champaben alifungua mlango kidogo. Alitazama miguu kabla ya uso.

"Usiingie hivyo. Nimepiga deki sasa hivi."

Mzee akavua viatu kwenye ngazi, mvua inampiga. Akaingia na soksi. Akaenda chooni, akainama, akasikiliza. Akaenda jikoni, akaweka kiganja sakafuni chini ya sinki. Akarudi chooni tena. Halafu akageuka akaona maji sakafuni, alama ndogondogo, na Njenga anasema uso wake ulikufa. Akapiga magoti, akaanza kuzifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine, kutoka chooni, kupita jikoni, kupita kabati, mpaka mlangoni, na kutoka mlangoni kurudi mpaka kwenye soksi zake mwenyewe. Akabaki amekaa hapohapo chini. Maji yote yaliyoingia nyumba ile siku ile aliyaleta yeye.

Champaben alikuwa ameshaweka chai jikoni. Alimwangalia pale sakafuni.

"Sasa unaweza kwenda nyumbani, Chamanbhai," akamwambia. "Mkeo amengoja sana."

Hakwenda mara moja. Alikunywa vikombe viwili. Njenga anasema mvua iliendelea nusu saa nzima na Mzee hakugeuka dirishani hata mara moja, alikuwa anamuuliza Champaben habari za Jinja.

Jumatatu iliyopita alikabidhi funguo za chemba, Ramani ya Kijani, na lile faili la majibu kumi na moja, ambalo Njenga ameambiwa alisome siku akikata tamaa. Oktoba yeye na Mama Kailash wanasafiri kwenda Kisumu na Nakuru kwa miezi mitatu, na safari hii wamekata viti vya pamoja. Ameapa hatafungua mfuniko wa chemba ya mtu. Vuai hajamwamini, na Mama Kailash ameahidi kutuandikia ukweli.

Mama Kailash, nawe tunakushukuru kwa kutuazima mumeo. Umetuambia kwamba kwa miaka yote hii wingu likitanda alikuwa anasimama mezani na kuchukua koti, chakula kikabaki na wewe. Tunajua sasa ni sahani ngapi zilipoa kwa ajili ya mitaa yetu.

Mzee Chaman, asante kwa mji unaopitika, asante kwa kutufundisha kupiga magoti, na asante kwa kuandika jina lako chini ya kosa wakati ungeweza kuandika mvua. Nenda salama. Tunakutakia wewe na wako afya, vicheko na siku ndefu zisizo na simu. Na mawingu yakija juu ya Hounslow, endelea kula, chakula kikiwa cha moto. Sisi tumeshavaa makoti.